Ishirini na Nane, na Senti Ishirini na Nane

Ijumaa ya mshahara, Buffalo, theluji imefika magotini,
zamu ya jioni ya dobi la hospitali imekwisha
na sisi watano bado tunanuka sabuni
hata juu ya harufu ya samaki wa kukaanga.

Casimir Wojtanik alikula nyama, dola thelathini na nne,
baada ya sahani ya kamba, kumi na tatu,
aliyosema ni ya meza nzima
akaiweka karibu na kiwiko chake.
Loretta samaki, ishirini na moja.
Donna mabawa ya kuku, kumi na nane,
mifupa kaipanga kama meno ya kitana.
Mimi mkate wa nyama, ishirini kamili.
Verna supu. Dola sita.
Maji ni ya bure; barafu yake aliitafuna.

Mia moja na kumi na mbili, ikasema risiti.
Kisha, kwa herufi ndogo, serikali nayo ikavuta kiti:
asilimia nane na robo tatu,
dola tisa na senti themanini,
na haikuonja chochote.

Bakshishi hapa hailazimishwi na sheria.
Inalazimishwa na macho.
Mama yangu, aliyebeba sahani za watu
miaka ishirini na miwili, hata bega moja likashuka,
alinifundisha njia ya mkato:
ichukue kodi, izalishe mapacha, mwachie mhudumu.
Kumi na tisa na senti sitini.
Nikaandika kwenye kitambaa cha karatasi, pembeni mwa doa la siki:
jumla mia na arobaini na moja, senti arobaini.

"Tugawe kwa tano," akasema Casimir,
akipangusa siagi kidevuni. "Ni rahisi kwa wote."
Ishirini na nane, na senti ishirini na nane.
Namba nzuri. Namba iliyochana nywele ikaenda kanisani.

Mimi nina ugonjwa: hesabu ikilala vibaya, silali.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Nikashusha kitambaa mapajani, nikapiga upya,
kila mtu na mdomo wake, na kodi ya mdomo wake:
mimi ishirini na tano na robo,
Verna saba na senti hamsini na nane,
Casimir hamsini na tisa na senti thelathini na nne.
Yaani thelathini na moja na ushei
kazimeza bila kutafuna.

Verna alikuwa akihesabu noti za dola moja moja,
anazinyoosha mezani kwa kidole gumba
kama anavyonyoosha mashuka.

Nikamfuata kwenye ndoano za makoti.
Ishirini na senti sabini, nikanong'ona, umezidishiwa.
Nitasema mimi, wewe kaa kimya.

Akavaa glavu moja. Akaitafuta ya pili mfukoni, kisha mkobani.
"Gari langu lilikufa Oktoba," akasema.
"Unadhani nani ananifikisha nyumbani?
Hajawahi kunitajia petroli,
nami leo nisimtajie kamba wake?"
Akaipata glavu, imo ndani ya kofia.
"Usinihesabie."

Nje, Casimir alikwisha kuwasha gari.
Alikuwa akikwangua barafu kiooni kwa kadi ya benki,
upande wa abiria kwanza,
kichwa wazi, akipiga mluzi vibaya.

Wakaondoka. Nikabaki chini ya taa ya maegesho
na kitambaa changu.
Maili sita, nikaanza, mara siku tano,
mara wiki kumi na saba,
kalamu ikakwaruza, ikaacha mstari mtupu:
wino umeganda.

Nikaipuliza.
Nikaendelea.